Tuiteni Kabla ya Kukata Shauri, Si Baada

Ndugu msomaji, hebu kumbuka mara ya mwisho ulipopata habari ya kikao cha kukusanya maoni ya wananchi. Kama wewe ni mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, huenda habari ilikufikia usiku kwenye simu: kikao ni kesho, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Ukafika ukakuta viti vya plastiki, chupa za maji, na kitabu kinene cha Kiingereza mkononi mwa mtu mmoja, ambaye ndiye anayekieleza. Mwisho mkaulizwa, kuna swali? Mmoja akauliza habari ya maji, mwengine taa za mulika mwizi. Mkatia sahihi karatasi ya waliohudhuria, saa saba mko nyumbani. Baada ya hapo ile karatasi yenye jina lako inakuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Tuseme wazi. Hapo hukushirikishwa. Uliitwa kuwa shahidi wa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Na kwetu sisi wa ng'ambo ya kisiwa, jambo hili si dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kisauni walikuwa 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Jumlisha mwenyewe: maeneo haya matatu yana watu 674,170, zaidi ya nusu ya kaunti nzima. Mvita, yaani kisiwani kwenyewe, walikuwa 154,171. Kati ya wadi 30 za kaunti, 17 ziko kwetu. Lakini bunge la kaunti na ofisi kubwa ziko kisiwani. Mtu wa Mtongwe au Timbwani akitaka kwenda kusikiliza bajeti yake ikijadiliwa ni lazima avuke maji. Mtu wa Mwakirunge atalipa nauli ya kwenda na kurudi, na kibarua cha siku hiyo kimeshapotea. Halafu tunaambiwa watu wa Mombasa hawapendi kuhudhuria mikutano!

Sheria haiko upande wa mchezo huu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, imeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liuwezeshe umma kushiriki katika kazi zake. Kifungu cha 201 kinasema fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na wananchi washiriki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaenda mbele zaidi: mwananchi apewe taarifa kwa wakati, na akiandika ombi au malalamishi, kaunti ina wajibu wa kumjibu upesi. Kwa hivyo afisa anapokuitia kikao hakufanyii hisani. Anatimiza wajibu wake.

Mahakama nayo imeshasema. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika uamuzi huo Jaji George Odunga alieleza kwamba bunge la kaunti linapaswa kuwahimiza watu wake kwa kila njia iliyopo, na akazitaja: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya wananchi, redio za taifa na redio za lugha za kienyeji. Alisema pia haitoshi kutupa ujumbe mtandaoni na kuwaachia wanaojali wautafute wenyewe. Sisi tunaoandika mtandaoni tunalikubali hilo. Mama anayeuza viazi karai pale Bombolulu na mvuvi wa Mtongwe huenda wasiuone ukurasa huu kamwe. Lakini tangazo msikitini baada ya swala ya Ijumaa, au kanisani Jumapili, litawafikia.

Sasa tukupeleke Changamwe, mwaka wa 2007. Wakati huo hapakuwa na kaunti, wala Katiba mpya, wala sheria ya kupata habari. Kulikuwa na pesa za CDF, na wananchi wakiona majengo yanaanza na kukwama bila ya kujua hesabu zake. Shirika la MUHURI, likisaidiwa na wanaharakati wa MKSS kutoka India waliokuwa na uzoefu wa kazi hiyo, likaomba faili za miradi, na kamati ya CDF ya Changamwe ikakubali kuzitoa. Wakaazi wa kawaida wakafunzwa kusoma hesabu. Wakatoka na karatasi mkononi kwenda kwenye miradi yenyewe, wakalinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa. Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara, matokeo yakasomwa mbele ya watu, na wahusika wakaulizwa maswali hapo hapo. Hakuna aliyesubiri kuwa mhasibu ndipo aulize. Ukiwa na karatasi inayosema choo cha shule kina milango sita, na wewe umehesabu minne, hesabu hiyo yakutosha.

Mwaka ule ule wa 2007, katika eneo bunge lile lile la Changamwe kabla halijagawanywa, kulianza jambo jengine. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi, ukutani mwa makaazi ya watu. Sauti ya wakaazi ilikuja kusikika moshi ukiwa umeshaingia vifuani mwa watoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ikafunguliwa, na mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru wakaazi, ambao ni kama 3,000, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitia hatiani pia taasisi za serikali zilizotakiwa kuwalinda. Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu miaka: tangu kiwanda kufunguliwa hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, na hakuna hukumu ya kuitoa sumu mwilini mwake.

Hii ndiyo maana tunasema kabla, si baada. Maoni ya mkaazi yakichukuliwa mapema ni ya bei rahisi: viti, kipaza sauti na siku chache za kusikilizana. Yakichukuliwa baadaye, yanakuwa kesi, hospitali na makaburi.

Wapangaji wa mji si lazima wawe watu wabaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka wa 2018 watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini takataka za mji hazikuyeyuka. Safari yake ni Mwakirunge, Kisauni. Anayepita Makupa kwa gari anaona mji umekuwa safi. Anayekaa Mwakirunge anaona malori. Ukiwauliza wote wawili kabla ya kupanga, mpango utakaotoka utakuwa mwengine kabisa na ule wa kumuuliza mmoja.

Je, inawezekana kufanya vizuri? Inawezekana, na si mbali. Kaunti ya Makueni ina wadi 30 kama sisi. Chini ya gavana wao wa kwanza, Kivutha Kibwana, mikutano ya mipango ilianzia vijijini. Vijiji kadhaa vikakutana pamoja, kisha wadi, kisha kaunti ndogo, ndipo kaunti nzima. Kila ngazi wakaazi walichagua wenzao wa kupeleka juu vipaumbele vyao. Mradi ukianza, kamati ya wakaazi iliusimamia, na mwanakandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo iweke sahihi kwamba kazi imefanyika. Hebu fikiria mtaro wa Chaani au barabara ya Shika Adabu ukisubiri sahihi ya wakaazi wenyewe ndipo hundi itoke!

Utasikia mtu akisema, Makueni ni mashamba, Mombasa ni mji, watu wanahamahama. Basi Porto Alegre kule Brazil ni mji wa watu zaidi ya milioni moja kama wetu, na tangu 1989 wakaazi wa mitaa yake walianza kukaa pamoja kuamua sehemu ya bajeti ya mji iende wapi. Ukubwa wa mji si sababu.

Kwa hivyo kwa serikali ya kaunti na kwa wawakilishi wadi wetu, tunataka mambo manne, na yote yanawezekana mwaka huu.

Kwanza, karatasi mapema. Kila wadi ipewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, si chini ya wiki mbili kabla ya kikao: wadi hii imetengewa pesa ngapi, kwa miradi gani, na ya mwaka jana imefika wapi. Ubandikwe kwa chifu, zahanati, shuleni, msikitini, kanisani na kwenye maskani za vijana.

Pili, kikao kije kwa watu, kwa saa ya watu. Changamwe imejaa wafanyikazi wa bandari na viwandani wenye zamu. Akina mama wengi hawatoki kabla ya kupika. Mvuvi anafuata maji, hafuati saa ya ofisi. Kikao cha Jumamosi alasiri katika uwanja wa mtaa kitaleta watu ambao ukumbi wa hoteli hautawaona. Mwenye ulemavu aweze kuingia, na asiyesikia apate mkalimani.

Tatu, tupewe majibu. Baada ya kikao, kaunti itoe orodha: wakaazi walisema haya, tumekubali haya, tumekataa haya na sababu ni hizi. Mtu akikataliwa kwa sababu inayoeleweka atarudi kikao kijacho. Asiyejibiwa harudi, na hana makosa.

Nne, kamati za wakaazi kwa kila mradi, zilizochaguliwa hadharani, na nakala ya kandarasi mkononi mwao.

Lakini tusimalize kwa kuwanyooshea wengine kidole tu. Na sisi tuna letu. Wako wanaoenda kikaoni kwa ajili ya nauli na soda tu. Wako wanaojazwa kwenye gari kuja kumpigia makofi mheshimiwa, na anayeuliza swali gumu anazomewa. Wako waliosema, hawa hawasikii, sitapoteza wakati wangu. Tunaelewa kuchoka huko. Ila ujue kwamba kiti chako kikiwa kitupu, bajeti inapita vilevile.

Basi shika kalenda, kwa sababu pesa za kaunti zina tarehe zake kisheria. Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti. Hapo ndipo miradi inapoingia kwenye orodha, na hapo ndipo pa kusema mapema. Kufikia 28 Februari unafika waraka wa mikakati ya fedha, unaogawa kiasi cha kila idara. Kufikia 30 Aprili yanafika makadirio ya bajeti. Kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Ukingojea Juni, umefika sokoni samaki wameshaisha.

Ukinyimwa karatasi, omba kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, na kama hujui kuandika, afisa anatakiwa akuandikie. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi. Gharama ni ya nakala tu. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tena kuna Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo kisheria lazima liwe na wawakilishi wa wafanyibiashara, wafanyikazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Uliza: anayetuwakilisha hapo ni nani, na mara ya mwisho kukutana nasi ilikuwa lini?

Usiende peke yako. Tafuta jirani wawili watatu, mmoja ajue kuandika vizuri. Nendeni kwa msimamizi wa wadi yenu wiki hii, mwambieni: tunaomba mpango wa maendeleo wa mwaka, sehemu ya wadi yetu. Andikeni tarehe, na jina la aliyepokea barua. Mkipewa, someni pamoja barazani. Mkinyimwa, hesabuni siku 21.

Changamwe walifanya hivi 2007 bila ya sheria yoyote ya kuwasaidia. Sisi leo tunazo.

Sambaza kwa jirani, na kwa yule asiye na simu, msomee.