Kitona ni mbali na Kirotshe

Baadhi ya vitabu bado huita Kamina na Kitona kambi za ndege. Kwa asili ni kweli. Wabelgiji walizijenga baada ya Vita Kuu ya Pili ziwe kambi za jeshi lao la anga, mbali na Ulaya, kwa hofu kwamba Wasovieti wangeweza kuifikia Ubelgiji. Mkataba wa tarehe 29 Juni 1960 uliwaachia kambi hizo hata baada ya uhuru. Julai hiyohiyo askari wa Kibelgiji walitoka Kamina wakaingia Élisabethville. Agosti, Umoja wa Mataifa ukaanza kuzichukua.

Lakini mama wa Kirotshe akisikia mwanawe yuko Kitona, hawazi ndege. Anawaza umbali. Kutoka kwetu Kivu hadi kule karibu na bahari ni karibu kilomita 1,900. Miaka ya 2013 na 2014 serikali iliwahamishia wapiganaji waliosalimisha silaha Kitona, Kamina na Kotakoli, ili wasirudi msituni. Kotakoli, Human Rights Watch iliripoti kwamba zaidi ya watu 100 walikufa kwa njaa na magonjwa, wake na watoto wao wakiwemo.

Naona kosa lilikuwa katika umbali wenyewe. Kambi iliyochaguliwa kwa hofu ya watu wa Ulaya haikufaa kumrudisha mtu kwao. Na sisi wa kitivo cha lugha tuna la kuongeza: kijana wa Masisi, mwenye Kihunde au Kinyarwanda na Kiswahili chake, anashushwa Kitona kati ya Kikongo na Lingala. Karatasi ya kuacha jeshi imeandikwa Kifaransa. Nani amsomee? Anatia kidole tu.

Wapo watakaosema kwamba karibu na nyumbani ndiko aliko pia kamanda wake wa zamani. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Ila Kitona haikuwa kinga: Agosti 1998 ndege zilizotekwa zilipakia askari Goma zikawashusha Kitona, na mapigano ya upande wa magharibi yakaanzia hukohuko.

Mpango mpya wa P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, uliahidi kazi hiyo ifanyike ndani ya jamii. Basi ifanyike Sake, Masisi na Kirotshe, mkalimani akiwepo mezani, na mama aweze kufika langoni kwa miguu na sufuria yake ya ugali na sambaza.