Lugha ya Bunduki au Lugha ya Mezani?

Jumamosi moja jioni, baada ya mkutano wa walimu, tulikwenda watu wanne kula katika baa ndogo ya mtaani hapa Kampala, ya aina ile wenyeji waiitayo kafunda. Tulivuta viti karibu na jiko la mkaa, tukamwita mhudumu: "Dada, tunaomba nyama ya kuchoma, gonja na kachumbari, na maji ya kunawa, tafadhali." Dada yule alitabasamu, akatujibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Lakini bwana mmoja wa meza ya jirani aligeuka akasema kwamba hiyo ni lugha ya askari na wezi, na kwamba yeye alikuja kula kwa amani. Kisha akaagiza chakula chake kwa Kiganda: muchomo na omuceere, akakumbusha asisahauliwe ekijiiko.

Ndugu wasomaji, hebu tukikague chakula cha bwana huyu. Muchomo ni nyama ya kuchoma. Omuceere ni mchele wetu. Ekijiiko ni kijiko. Aliletewa katika essowaani, yaani sahani, ikawekwa juu ya emmeeza, yaani meza. Kama mchuzi ulitiwa ebbinzaali, hiyo ni bizari. Na kesho asubuhi atakunywa chai yenye sukaali kwa omugaati, ambao ni mkate. Maneno hayo yalipanda kutoka pwani pamoja na bidhaa, tangu misafara ya biashara ilipofika Buganda katika miaka ya 1840. Baadhi yake sisi nasi tuliyakopa: sahani kwa Waarabu, meza kwa Wareno. Kukopa si aibu. Aibu ni kushiba kwa neno la jirani, kisha kumtukana jirani huyo kabla ya kunawa mikono.

Hata hivyo, hatusemi kwamba hofu ya bwana yule haina msingi. Misafara ile ile iliyoleta mchele ilileta bunduki na kununua watumwa. Jeshi la mkoloni liliamrishwa kwa Kiswahili. Katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, raia wengi walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani: simama, lala chini, toa kitambulisho. Lugha waliyoisikia haikuwa na "tafadhali" wala "karibu". Lakini kosa hilo ni la mshika bunduki. Lugha gani duniani haijawahi kutumiwa kumtisha mnyonge?

Wako wanaotumaini kwamba sheria itaifuta kumbukumbu hiyo. La hasha! Amin mwenyewe alitangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangazo lake halikukifanya kipendwe. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena na kuagiza kifundishwe shuleni. Tunayashukuru maamuzi hayo. Lakini amri humpeleka mtoto darasani tu. Haimfanyi baba yake akipende Kiswahili anapokula na wenzake jioni.

Sasa na tujitazame sisi walimu, kwani jioni ile hatukutoka bila lawama. Mhudumu alipokuja kutuarifu, alisema: "Nyama iko karibu kuiva, nyinyi ngoja kidogo." Mmoja wetu akamkatiza papo hapo: "Ngojeni!" Dada alinyamaza. Alipoleta nyama, alizungumza nasi kwa Kiingereza, na hakurudi katika Kiswahili hadi tulipolipa na kuondoka. Bwana wa meza ya jirani alikitukana Kiswahili kwa sauti, na dada hakujali. Sisi tulikisahihisha kwa neno moja, naye akakiacha. Ni nani aliyekidhuru zaidi?

Tabia hiyo tunayo hata darasani. Tunaanza na ngeli na barua ya kuomba kazi. Tukifika kwenye somo la chakula, tunamkaririsha mtoto wa Wandegeya pweza na biriani ya pwani, ilhali matoke, gonja na muchomo havimo katika kitabu. Hatumwambii kwamba nusu ya maneno ya mezani tayari anayo kinywani. Basi huondoka akiamini kwamba Kiswahili ni mali ya watu wengine, kama baba yake alivyoamini kwamba ni mali ya askari.

Twaona yafaa somo la kwanza liwe la mezani. Mwanafunzi aorodheshe vyakula na vyombo vya nyumbani kwao, atafute vyenye asili ya Kiswahili, kisha ajifunze kukaribisha, kuomba na kushukuru. Atajua "naomba" kabla ya "leta", na "karibuni" kabla ya "simama". Ngeli zitafuata, na "ngojeni" itakuja kwa wakati wake.

Ama yule dada, tunamwia radhi. Shime, walimu wenzetu! Mkienda kula, agizeni kwa Kiswahili chenye adabu, mjibiwe kwa Kiswahili chochote kile, na kalamu nyekundu iacheni shuleni.