Sauti za Juba Nazo ni Mali ya Nyumba

Mgeni alalaye usiku wake wa kwanza mjini Juba huujua mji huo kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho. Alfajiri huanza jogoo, ikafuata adhana, kisha ufagio ukiparuza ua wa udongo. Jua halijapanda, na tayari bodaboda ya kwanza imekwisha pita, na gari la kuuza maji linanguruma likitoka upande wa mto. Jumapili huongezeka nyimbo za ibada kutoka Kator, liliko kanisa kuu la Mtakatifu Teresa. Mwenyeji wa Juba amezizoea sauti hizo kiasi kwamba hazisikii tena, na ni nadra mtu kuhifadhi kitu ambacho hata hakitambui.

Nyaraka zimepata bahati kuliko sauti. Makaratasi ya zamani ya serikali, ambayo kwa miaka kadhaa yalikaa hemani mjini Juba yakinyemelewa na mvua na mchwa, hatimaye yalipata watu wa kuyasafisha na kuyapanga, na leo ni kumbukumbu za taifa la Sudani Kusini. Lakini mlio wa soko la Konyo Konyo kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1983 hauwezi kufukuliwa katika sanduku lolote kama hapakuwa na mtu aliyeunasa siku ile.

Wala si vita peke yake viondoavyo sauti. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, Juba ilijaa watu, na kwa kuwa umeme ulikuwa adimu, kila mwenye uwezo alinunua jenereta. Usiku mzima mji ulivuma, na jirani alijua hali ya mfuko wa jirani yake kwa saa ambayo jenereta ilizimwa. Novemba 2019 kilizinduliwa kituo kipya cha umeme, na katika nyumba zilizounganishwa uvumaji ule ukaanza kuwa hadithi. Malori yaliyotoka Nimule nayo yalikuwa yakivuka Nile juu ya daraja la zamani la chuma, kila gurudumu na kelele yake. Mei 2022 likafunguliwa Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, na magari yakapata njia nyingine. Hakuna atakayelilia jenereta. Hata hivyo, kijana atakayeuliza kesho wazazi wake waliishi vipi hatajibiwa vizuri na picha tupu.

Katika nchi nyingine kazi hii ilikwisha anzwa. Mjini New York, mtu mmoja aitwaye Tony Schwartz alikuwa na maradhi ya kuogopa kwenda mbali na kwake. Alichukua kinasa sauti cha kubeba begani, akaanza kunasa mtaa wake tu: wauzaji, madereva wa teksi, watoto wakiruka kamba, maombi ya makanisani. Mwaka 1954 kampuni ya Folkways ilitoa sahani yake iliyopewa jina la New York 19, yaani namba ya posta ya eneo alimoishi. Nchini Kanada, R. Murray Schafer na wenzake walitoa sauti za mji wa Vancouver mwaka 1973, na miaka ya 1990 wengine wakarudi kuzinasa upya, ili masikio yapate kulinganisha mji uleule katika nyakati mbili. Mtu anayenasa leo kwa kweli anamtayarishia kazi mtu wa baada ya miaka ishirini.

Kampuni hiyohiyo ya Folkways ndiyo iliyotoa, mwaka 1976, sahani tatu za nyimbo za Wadinka zilizokusanywa na Francis Mading Deng, mwanachuoni na mwanadiplomasia, mwenyeji wa Abyei. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini mkusanyaji wa nyimbo hutafuta wimbo. Mbuzi akilia katikati, huonekana ameharibu. Kwa mnasa sauti za maisha, mbuzi yule ndiye shabaha.

Hapa ndipo familia za Sudani Kusini zinapoweza kuwa na utajiri wasioujua. Katika miaka ya vita, watu walipotawanyika hadi Khartoum, Kakuma, Nairobi, Australia na Marekani, wengi wa Wadinka waliandikiana kwa kanda badala ya karatasi. Mtu aliketi mbele ya tepu rekoda, akasalimia ukoo mzima kwa majina, akatoa habari za ng'ombe na za misiba, pengine akaimba wimbo aliotungiwa ndugu aliye mbali, na kanda ikasafiri mkononi mwa msafiri. Aliyeipokea alisikiliza maneno. Akiisikiliza leo kwa utulivu, huenda akakuta nyuma ya maneno hayo mchi ukitwanga, mtoto akikatazwa kelele, au mvua ikianza juu ya bati hata msemaji akalazimika kupaza sauti. Marehemu anaweza kukumbukwa kwa picha. Lakini ua aliokuwa ameketi, pamoja na watu wake wote, umo ndani ya kanda ile tu.

Kanda hizo zinakufa. Joto na unyevu huzinatisha, na mashine za kuzichezea zinaadimika. Mwenye nazo asizirundike juu ya kabati chini ya bati wala karibu na spika, maana spika ina sumaku. Kanda iliyoota ukungu isitiwe ndani ya mashine kabla ya kupelekwa kwa fundi. Iliyo salama ivunjwe vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili mtoto asije akanasa muziki wa redio juu ya sauti ya babu yake. Kisha ihamishiwe kwenye simu au kompyuta mapema, na nakala mbili ziwekwe katika nyumba mbili tofauti.

Kwa kunasa sauti mpya, simu ya mkononi inatosha. Izuiwe kwanza kupokea miito, iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali kidogo na upepo, na iachwe dakika tano bila mtu kuigusa. Mwanzoni mwenye kunasa ataje tarehe, mahali na saa. Jambo la saa lisidharauliwe: tarehe 1 Februari 2021 Sudani Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kwa hiyo jogoo aliyekuwa akiwika saa kumi na mbili alijikuta, bila kosa lake, anawika saa kumi na moja.

Cha kunasa hakihitaji kutafutwa mbali. Unga wa mtama uliochachuka ukimiminwa juu ya bamba la moto kuwa kisra una mlio wake, na kijiko cha mama muuza chai kikigonga bilauri kina wake. Tangawizi ya kahawa hupondwa katika kinu kidogo kwa mapigo ambayo kila mpishi ana yake, kama mwandiko. Chini ya Jebel Kujur nyundo za kina mama wanaovunja mawe kuwa kokoto huitikiana, na sauti hiyo ni chungu kuisikiliza ukijua ni mkate wa watoto. Sokoni, Kiarabu cha Juba huchanganyika na Kibari, Kiganda na Kiswahili katika bei ya fungu moja la nyanya.

Hata hivyo, Juba si mji wa kuzurura na kinasa sauti. Anayeonekana akielekeza chombo darajani, uwanja wa ndege, majengo ya serikali au askari anaweza kushikwa, na maelezo kwamba alikuwa akinasa mlio wa magurudumu hayataaminika upesi. Yafaa kuanza ndani ya ua wa nyumba. Sokoni muuzaji aombwe ruhusa kwanza. Akikataa, simu irudi mfukoni.

Yapo pia masikio yaliyojeruhiwa. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, na tena Julai 2016, watu wa Juba walisikia milio ambayo hakuna anayehitaji kuiwekewa. Tangu hapo wapo wanaoshtuka mlango ukibamizwa. Katika nyumba ya namna hiyo mwenye kunasa amwulize mama mkubwa wa nyumba ni sauti ipi angependa isikike tena, kisha simu iwekwe hapo alipo. Akichagua ufagio wake wa asubuhi, jina lake liandikwe pamoja na mtaa, ili wajukuu walio Kampala au Melbourne wajue ni ua wa nani unaofagiwa.