Ibada Ni Kazi ya Usharika Mzima

Kuna jambo linaloota mizizi katika makanisa yetu, nasi tunalinyamazia. Jumapili washarika wanafika, wanakaa, wanaimbiwa, wanahubiriwa, wanatumbukiza bahasha na kuondoka. Kwaya kuu ikishuka inapanda ya vijana, kisha ya akina mama, na spika zinafunguliwa hata mzee aliyetaka kuitikia haisikii sauti yake mwenyewe. Ukimwuliza mtu mlangoni ibada ilikuwaje, atakujibu, "Leo kwaya wameimba!" mfano wa mtu anayetoka uwanja wa mpira. Yeye je, alimwabudu Mungu saa ngapi?

Sisemi kwaya zivunjwe. Wengi wetu tulivutwa kanisani na nyimbo, na anayezidharau hajui historia ya Injili katika nchi hii. Ninachopinga ni usharika kukabidhi kinywa chake kwa watu thelathini na kukaa kutazama.

Tazameni Unguja. Mwaka 1873 biashara ya watumwa ilipigwa marufuku, soko lao la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo mahali pale pale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi ule, alitaabika pia miaka mingi kuweka Maandiko na sala katika Kiswahili. Kulikuwa na haja gani? Kama ibada ni ya kusikilizwa tu, Kiingereza cha mapadri kingetosha. Lakini mtu aliyewahi kupigwa bei na kuhesabiwa pamoja na pembe za ndovu alistahili kusimama mbele za Mungu na kusema "Amina" kwa kinywa chake, bila mtu wa kumsemea. Leo sisi, ambao hakuna aliyetufunga minyororo, tunaiacha Amina hiyo isemwe na wenye maikrofoni!

Na kinywa peke yake hakitoshi. Wakorintho walikuwa na karama nyingi, hata hivyo Mtume Paulo aliwaambia waziwazi kwamba walichokuwa wakila wanapokutanika si chakula cha Bwana. Hakulaumu mkate wala kikombe. Aliona wenye navyo wakitangulia kula mpaka wengine wakalewa, huku wasio na kitu wakikaa na njaa na kuaibishwa. Ibada iliharibikia hapo, kati ya mtu na mwenzake.

Ndiyo maana napenda mnada wa mazao unaofanyika nje ya kanisa katika sharika nyingi za Kilutheri, Kilimanjaro na kwingineko. Bibi asiye na shilingi ameleta mayai. Mwingine kaleta jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa anainua mkungu wa ndizi na kutangaza bei. Mayai yale yananunuliwa kwa bei isiyojulikana sokoni, na pengine mnunuzi anamrudishia bibi akapike nyumbani. Wapo wanaoupita mnada huu haraka kuelekea kwenye magari yao, wakidhani ibada imekwisha na baraka ya mchungaji. Wanakosea. Pale yule bibi anahesabika kuwa mtoaji sawa na mfanyabiashara. Lakini wenye fedha wakiugeuza kuwa mahali pa kuoneshana ubavu, basi wamerudi Korintho.

Wachungaji na wazee wa kanisa, turudishieni nyimbo za wote. Kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu kimejaa nyimbo ambazo mtoto na ajuza wanaweza kuziimba pamoja. Punguzeni sauti ya spika ili nyimbo hizo zisikike. Katika sala ya kanisa tajeni wagonjwa na wafiwa wa mitaa yenu, na baada ya ibada waendeeni.

Nawe msharika, fungua kinywa chako. Bwana Yesu alisema mtu akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende kwanza wakapatane. Kama kuna jirani mliyekosana kwa mpaka wa shamba, na kila Jumapili mnakaa mabenchi ya mbali ili msipeane mkono, usingoje Pasaka wala semina ya uamsho. Mwendee Jumamosi hii.