Kalamu ya Mtoto na Mambo ya Kale

Pana desturi katika shule nyingi za Tanzania iliyokwisha kuzoeleka hata haionekani tena kuwa ni kosa. Saa ya historia ikifika, mwalimu huandika ubaoni na watoto hunakili. Saa ya Kiswahili ikifika, watoto hao hao huambiwa watunge insha juu ya ng'ombe, au juu ya shule yao, au juu ya safari ambayo aghalabu hawakupata kuisafiri. Katika saa ya kwanza jambo la kusema lipo, lakini hawaruhusiwi kulisema kwa maneno yao. Katika saa ya pili wameruhusiwa kusema, lakini jambo hawana. Masomo mawili yaliyostahili kuwa kama jicho na mkono yametengwa, na kila moja limedhoofika kwa sababu hiyo.

Watetezi wa desturi hii hawakosi hoja. Wadai kwamba mtoto wa kijijini hana budi kujua kwanza herufi, vituo na ngeli. Mambo ya kale, tena ya kale sana, yangoje mpaka akili yake ipevuke. Hoja hii yafaa ipimwe mbali na miji, maana ni juu ya watoto wa huko inakosemwa zaidi. Na ipimwe Migato, kata ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyokatwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipofanywa mkoa. Huko watoto wengi huzungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili hukikuta darasani. Wengi wao hushika fimbo ya kuchungia kabla ya kushika kalamu.

Lakini mchungaji mdogo aliyepotelewa na ndama hausomi udongo kwa kubahatisha. Hutazama kina cha kwato, hutazama kama kingo za alama zimekauka au zingali mbichi, hutambua mnyama anayechechemea na yule aliyekimbia. Kutokana na machache yaonekanayo hupata mengi yasiyoonekana, na akikosea ndama haonekani. Mtoto wa namna hii kuambiwa kwamba akili yake bado haijafikia ushahidi wa kale ni dhihaka. Ushahidi anaujua, asichofundishwa ni kuuandika.

Upande wa mashariki, ng'ambo ya nyika za Serengeti, katika eneo la Ngorongoro, iko Laetoli. Yapata miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkeno yalianguka huko, yakalowa mvua, yakakanyagwa, yakakauka, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Mwaka 1976 mtaalamu Andrew Hill alianguka chini alipokuwa akikwepa kinyesi cha tembo alichorushiwa kwa mzaha na wenzake, na papo hapo chini akaona alama za wanyama na za matone ya mvua zimeganda katika mwamba. (Hadithi hii peke yake ingetosha kuwaamsha watoto hamsini waliosinzia mchana.) Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kikapata mfululizo wa nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili. Mwaka 2016 Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakatangaza nyayo nyingine za hapo Laetoli, na mmoja wa wapitaji wale akakadiriwa kuwa na urefu wa yapata sentimita 165.

Lililo bora kuliko yote kwa mwalimu wa utungaji ni kisa cha dubu. Pana nyayo chache zilizoonekana miaka ile ile ya 1970, mahali pengine hapo hapo Laetoli, na ikadhaniwa kwamba huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Zikaachwa. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, na mwaka 2021 Ellison McNutt, Charles Musiba na wenzao wakaandika kwamba si za dubu, bali za kiumbe wa jamaa ya binadamu: kisigino ni kipana, kidole gumba kimekizidi kile cha pili, na mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine katika mwendo. Alama zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni namna zilivyotazamwa na kuandikwa.

Haya basi, mtoto wa darasa la tano aambiwe aandike aya moja juu ya kile kinachoonekana katika alama ile, aya ya pili juu ya kile kinachodhaniwa, na aya ya tatu juu ya kitu ambacho kikipatikana kitamlazimu abadili mawazo. Sarufi itakuja yenyewe kuomba nafasi. Mtoto aliyekaririshwa viambishi vya -nge- na -ngali- huvisahau baada ya mtihani. Yule anayetaka kusema kwamba mvua isingalinyesha, nyayo zisingalibaki, hana njia ya kulisema jambo lake bila ya kiambishi hicho. Vivyo hivyo atajua tofauti ya “ni”, “yaelekea” na “huenda”, tofauti ambayo hata watu wazima wenye shahada huikanyaga kila siku magazetini.

Wapo wanaochelea kwamba habari hizi zitaleta ugomvi na dini. Mtoto haombwi kutia sahihi imani yoyote. Aombwa kueleza kisigino. Wapo pia wasemao kwamba afadhali watoto wa Usukuma waandike hadithi ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, ambayo ni mali yao. Na waiandike, tena kwa furaha. Ila hadithi husimuliwa ipendeze, wala hakuna amwulizaye msimulizi ameonaje. Anayeandika historia huulizwa, na ni katika kuulizwa huko kalamu ya mtoto hupata nguvu.

Tena si kweli kwamba mambo ya kale ni ya wageni. Maandishi ya kwanza kabisa yajulikanayo, yale ya Uruk katika nchi iitwayo sasa Iraki, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, hayakuwa mashairi wala sala. Yalikuwa hesabu za nafaka, za pombe na za mifugo. Mtoto wa mfugaji wa Itilima atakielewa kibao kile cha udongo upesi kuliko mtoto wa London. Atakielewa pia kwa sababu ya pamba. Katika miaka ya 1950, kabla ya vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa kuungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, wakulima walilalamika sana juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima asiyeweza kuandika uzito alioushuhudia na siku aliyoushuhudia hana la kuweka mezani ila hasira yake. Mwalimu anayepita kutoka kibao cha Uruk hadi stakabadhi ya pamba hakutoka nje ya somo hata hatua moja.

Kizuizi kikubwa ni mtihani. Kwa miaka mingi sehemu iitwayo Utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba imemtaka mtoto azipange kwa herufi A, B, C na D sentensi zilizotungwa na mtu mwingine, na tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua yamekuwa yakisahihishwa kwa mashine. Yaani mtoto aweza kufaulu utungaji pasipo kutunga hata sentensi moja. Mashine haina lawama. Haijui ila doa la penseli. Lawama ni ya wale walioridhika kuliita doa hilo utungaji. Sasa limekuja somo la Historia ya Tanzania na Maadili, katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, nalo lafundishwa kwa Kiswahili. Ni nafasi isiyopatikana mara mbili, na dalili ya kuipoteza itaonekana katika daftari: yakikutwa madaftari arobaini yenye maneno yale yale, mkato kwa mkato, kosa kwa kosa, ubao ndio ulioandika.

Imebaki hoja ya walimu wenyewe, na hiyo yastahili heshima, kwa kuwa atakayesahihisha ni wao. Darasa ni kubwa na vitabu ni vichache. Lakini mistari mitano ya mtoto mwenyewe husomwa upesi kuliko kurasa mbili alizonakili, na nyayo za Laetoli zenyewe zilifukiwa tena ili zisiharibike, hata wanafunzi wa vyuo vikuu huzijua zaidi kwa picha, michoro na maandishi. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani hushika kwato za ng'ombe, za punda, na miguu ya watoto waliochelewa shule, na jua likiwaka hukauka nazo hapo nyuma ya darasa.