Mjamzito asinyimwe maharage, apikiwe yaive

JIKONI NA JAMII
Na Rehema Mwasaga

Mama mkwe anapomwambia mkwewe mjamzito aache maharage kwa sababu yatamjaza gesi, mara nyingi anasema kwa huruma. Lakini katazo hilo linamnyang'anya mama chakula ambacho familia nyingi hapa kwetu hazina mbadala wake kwa bei ileile. Nyama husubiri sikukuu, samaki husubiri mshahara, maharage yapo kila siku. Kikombe kimoja cha maharage mekundu yaliyoiva kina zaidi ya mikrogramu 200 za vitamini iitwayo foleti, na mjamzito anahitaji kama 600 kwa siku. Kina protini na madini ya chuma, na nyuzinyuzi zake hulainisha choo, ambacho ujauzito hukifanya kigumu.

Kasoro iko kwenye upishi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini. Punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache, kisha akaharisha. Wengi hupata nafuu mapema, lakini mjamzito ambaye tayari anatapika kila asubuhi anazidi kupoteza maji anayoyahitaji. Sumu hiyo huondolewa na mchemko wa nguvu. Moto wa kufifia hauiwezi. Kwenye nyuzi joto 80 makali yake yanaweza hata kuongezeka.

Hapo ndipo bei ya mkaa inapoingia. Jioni makaa yanakaribia kuzimika, sufuria inabandikwa, inafunikwa, inaachwa mpaka asubuhi. Wengine hutumia jiko kapu, linalohifadhi joto la sufuria bila moto, nami nalipenda kwa jinsi linavyookoa mkaa. Ila maharage yalowekwe kwanza usiku kucha, maji hayo yamwagwe, yatiwe mapya, kisha yatokote kwa nusu saa kwenye moto mkali ndipo yaingie kapuni. Kabla ya kupakua, bonyeza punje kwa kidole gumba na cha shahada. Isagike yote. Ukikuta kiini kigumu katikati, rudisha sufuria motoni.

Kumwaga maji ya kulowekea hupunguza pia zile sukari zinazoleta gesi, na mama mkwe atakuwa amejibiwa. Mchuzi wa kuchemshia usimwagwe, kwa kuwa sehemu ya foleti huyeyukia humo. Magadi huyalainisha maharage haraka, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, na mama aliyeambiwa kliniki kwamba presha yake iko juu ana sababu zaidi ya kuyaepuka.

Kuna jambo ninaloliona sana kwa mama lishe, nalo linaniuma: mjamzito na sahani yake ya wali maharage, na kando yake kikombe cha chai ya rangi. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Pesa imetoka, chakula kimeliwa, damu haikupata kilichokusudiwa. Chai isubiri saa moja au mbili. Mezani pawe na kachumbari iliyokamuliwa limau, au chungwa, au embe, kwa sababu vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia mwilini.

Kiporo nacho kina hatari yake. Maharage yaliyolala mezani katika joto la Dar es Salaam huzaa bakteria, na baadhi yao huacha sumu isiyoondoka hata ukiyachemsha upya. Asiye na friji apike ya kutosha siku hiyo tu.

Na maharage, hata yakiiva vipi, hayachukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi. Foliki asidi, yaani foleti ya kwenye vidonge, inahitajika kwa uti wa mgongo wa mtoto, ambao hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wengi wakiwa bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayepanga kupata mtoto aanze foliki asidi mapema.

Ninawaomba wauguzi wanaofundisha makundi ya chakula kliniki wamuulize mama pia anapikia nini. Na mume aliyemsindikiza aulizwe: ukishanunua kilo ya maharage, umeacha pesa ya mkaa wa kuyaivisha?