Fulana Si Malipo

Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, picha ni zile zile. Mheshimiwa amevaa gambuti mpya, ameshika reki kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe. Nyuma yake wamesimama vijana wa mtaa, kila mmoja na fulana yenye nembo ya mfadhili. Kamera zikiondoka, mheshimiwa naye huyo. Vijana wanabaki na taka, na kesho yake wanarudi mtoni bila glavu.

Sina shida na reki. Shida yangu ni neno moja: kujitolea. Tumelitumia sana hadi tukasahau kwamba kuzoa taka Nairobi ni kazi ya mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la kuondoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kila mtu, wasee. Hakijasema kila mtu wa Kilimani.

Lakini ingia Mathare au Korogocho uone nani anafanya hiyo kazi. Lori la kanjo halipiti kwenye vichochoro. Wanaopita ni vijana na mikokoteni yao, wanakusanya taka mlango kwa mlango, na wenye nyumba wanawalipa kutoka mfukoni. Maskini analipia huduma ambayo sheria inasema ni ya umma, halafu sisi tunasema mtaa unajitegemea. Na hizo taka zikitoka hapo zinaenda Dandora, jaa lililotangazwa kujaa mwaka wa 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana kitambulisho. Malori bado yanapanga foleni.

Katikati ya hali hiyo, watu wamefanya mambo. Korogocho, vijana wa Komb Green Solutions waligeuza ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa kuwa bustani ambamo watoto wanacheza. Mathare, kuna Mathare Green Movement, ambao hupanda miti kwa ukumbusho wa vijana waliouawa na polisi. Mti mmoja, kazi mbili: unashika udongo usibebwe na maji, na unashika jina lisisahaulike. Halafu anatokea mtu na fomu, anauliza: mradi wenu ni wa mazingira ama wa haki za binadamu? Chagueni kimoja. Hilo swali linaulizwa tu na mtu ambaye mtaa wake hauna haja ya kuunganisha hayo mawili. Kijana anayepigwa risasi na kijana anayevuta moshi wa Dandora ni yule yule. Anakaa pale kwa sababu ile ile.

Aprili 2024 ndiyo iliyotuonyesha. Mto Mathare ulifurika usiku, watu wakafa, na waliowatoa majirani majini ni majirani. Serikali ilifuata na amri ya saa 48: wote walio karibu na mto watoke. Kisha yakaja matingatinga, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia. Tafuta chumba Nairobi, lipa kodi na dipoziti, nunua godoro na sufuria, uone hizo 10,000 zinafika wapi.

Najua jibu lenu. Mtasema kukaa ukingoni mwa mto ni hatari. Ni kweli, na anayejua zaidi ni yule aliyelala pale. Mtasema hata Ukay Centre ya Westlands ilibomolewa 2018. Pia kweli. Lakini mwenye jengo kama lile ana wakili, na usiku huo ana kitanda. Sheria ikiwa moja na maumivu yakawa mawili, hiyo si haki. Kumwondoa mtu hatarini bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia hatari nyingine.

Sasa kuna Climate WorX, na angalau vijana wanalipwa. Vizuri. Lakini kibarua si kauli. Anayelipwa kwa siku kuchimba matope haulizwi ramani inasema nini. Mto ukishasafishwa, ardhi ya kando yake itapanda bei. Ni nani atakuwa bado anakaa hapo? Hadi sasa mto umekuwa wetu siku ya kuusafisha, na wa wakubwa siku ya kuupangia.

Na msiniambie haiwezekani kupanga na wakaazi. Mukuru ilitangazwa eneo maalum la mipango mwaka wa 2017. Wakaazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji na mashirika mengine, walikaa chini, wakahesabu nyumba zao, wakachora wapi barabara ipite na wapi choo kikae. Baadaye barabara na mabomba ya maji taka yakaanza kuonekana. Si peponi, na hata Mukuru ilibomolewa sehemu mwaka ule wa mafuriko. Lakini ilithibitisha kitu: watu wa mtaa wakiulizwa, wana majibu.

Kwa hivyo mimi na wewe tunaopenda kupiga selfi kwa usafi wa Jumamosi, tuache kuringa. Twende, ndiyo, taka hazitajizoa. Lakini kabla hujavaa ile fulana, uliza maswali mawili. Nani analipwa hapa? Na bustani ikiisha, nani atafukuzwa? Kisha kaunti ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, siku ya kazi, ukumbi ukiwa nusu mtupu, nenda huko pia. Kaa karibu na wale vijana wa mkokoteni, na wakisimama kudai pesa ya kuzoa taka, simama nao. Huko hakuna fulana, na mara nyingi hakuna hata chai. Lakini ndiko pesa zinakogawanywa.